Somo la Midomo

Mimi ni mpuliza kioo. Mashavu yangu ndiyo shamba langu.
Baba alipuliza, na babu, hapa hapa Železný Brod,
ambapo mto Jizera hupita kando ya viwanda
na baridi hukaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimeumba taa za kanisa, mitungi, farasi wa shingo ndefu,
kwa pumzi tu, na midomo iliyobana bomba la chuma.

Kisha akazaliwa Vendulka, mdomo wazi,
ulimi nje kama mtu anayechungulia mlangoni
hajaamua atoke au arudi.
Maziwa yalimteremkia shingoni.
Mate yaliloanisha vifungo vya kila gauni.
Mama mkwe alikunja vitambaa kumi na viwili kila asubuhi,
bila neno.
Na mimi, fundi wa midomo,
sikujua la kufanya na mdomo mmoja mdogo.

Jumanne tunapanda basi kwenda Liberec.
Bi Radmila havai koti jeupe. Huvua viatu, huketi sakafuni.
Nilidhani ataanza na ulimi. Si ndiko kwenye tatizo?
Alianza na nyayo.
Alizishika mbili, akazikandamiza gotini mwake
mpaka vidole vikajua kwamba kuna dunia huko chini.
Akapanda: vifundo, nyonga,
mgongo uliolegea kama mshumaa uliosahauliwa karibu na jiko,
mabega; kisha kisogo, akakilaza kiganjani
akairefusha shingo taratibu, taratibu.
"Mdomo ni ghorofa ya juu," alisema bila kunitazama.
"Nani huezeka kabla ya msingi?"

Nikanyamaza. Kiwandani nako,
asiyesimama vizuri hapulizi vizuri.
Miaka ishirini na sita nimelijua hilo kwa miguu,
kichwa kilikuwa hakijaambiwa.

Ndipo akaja usoni.
Vidole vyake vikatetema juu ya shavu,
mtetemo mdogo, wa nyuki aliyenaswa ndani ya ua.
Akabonyeza pale palipo laini chini ya kidevu,
na ulimi ukarudi nyumbani.
Sekunde tatu. Nilihesabu.
Kisha ukachungulia tena.

"Mara tatu kwa siku," akasema, "kabla ya kula."
Rahisi kusema. Vidole vyangu vina makovu ya moto,
vikavu kama gamba la msonobari; Vendulka alivikimbia,
alijikunja, alilia hadi jirani akagonga ukuta.
Naandika na hili pia: kuna wiki nzima ya Februari
sikumgusa. Nilisema ni uchovu. Haukuwa uchovu.
Otýlie hakunilaumu. Alilaza kijiko mezani,
mpini ukinielekea mimi.

Kijiko nacho kina adabu zake:
kiingie kimelala, kikae juu ya ulimi, kisubiri.
Usikikwangue kwenye fizi ya juu ili umalize haraka.
Mwache mdomo wa juu ushuke wenyewe.
Nimewahi kukesha nikingoja kioo kipoe kisipasuke.
Sikuwahi kungoja hivi,
mkono hewani, supu ikipoa,
huku mtoto akinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayefunzwa.

Sitasema amepona. Si ugonjwa, ni yeye.
Vitambaa sasa ni tisa; siku za mafua, kumi na viwili vilevile.

Ila Jumapili, supu ya viazi na uyoga,
theluji imeziba dirisha la jikoni,
mdomo wa juu ulishuka.
Polepole, kama pazia la duka jioni,
ukakutana na wa chini, ukabana.
Na kutoka ndani ya ule mkutano ikaja sauti, "mmm",
ile isiyopatikana kwa mdomo mmoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mkwe aliendelea kukata mkate,
vipande vikawa vinene kuliko kawaida.
Mimi nilikichomoa kijiko, nikakiinua kwenye taa
kama ninavyoinua glasi kutafuta kiputo,
nikakigeuza, nikakigeuza tena.
Kilikuwa kikavu.